Kabati Langu Halikumuua Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikata roho saa nne asubuhi, hospitalini Biharamulo, kwenye kitanda kilichofuatana na changu. Nilikuwa nimelalia ubavu namwangalia. Tumbo lake lilikuwa limejaa kama la mjamzito wa miezi minane na macho yake yalikuwa ya njano, kama yangu. Muuguzi alimfunika shuka mpaka juu, akaenda kumwita mwenzake. Kabla sijapata nguvu ya kulia wakaingia watu watatu wa kijijini kwetu, na aliyetangulia alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Huyu ni binamu wa marehemu mume wangu, kwa hiyo ananiita shemeji. Hakunipa pole. Alishika chuma cha kitanda changu kwa mikono miwili, akasema mbele ya wodi nzima:

"Shemeji, hilo friji lako limemmaliza ndugu yako. Tulikwambia."

Wale wawili waliokuja naye wakatazama chini. Ulimi wangu ulikuwa umekauka umegandamana na kinywa, na nilikuwa natapika hata maji.

Mchana walikuja wakwe zake kutoka Bugarama kuuchukua mwili. Mume wake alipita kitandani kwangu kama anapita penye ukuta. Nyuma yake alifuata binti yake mkubwa, ambaye siku anazaliwa mimi ndiye niliyemwogesha maji ya kwanza. Alijifunika uso kwa kitenge ili asinione. Hayo maneno ya friji yalikuwa yameshawafikia getini.

Siandiki majina. Wasidhani nawaogopa. Kijijini kwetu mwenyekiti wa kuzikana ni mmoja, bwana shamba ni mmoja, na mwenye mashine ya kusaga ni mmoja, kwa hiyo anayepajua atawajua, na wao wenyewe wakisomewa watajijua. Niliishia darasa la nne. Niandike vibaya au vizuri, jambo lenyewe ni hili na lilikuwa hivi.

Mimi ni mzaliwa wa Kanazi, kule Ngara. Niliolewa huku Biharamulo, kwenye kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Mume wangu alikuwa fundi redio. Nilikuwa nakaa naye kibarazani nikichambua maharage huku yeye anachoma risasi ya kuungia waya, na kwa miaka mingi ya kumshikia tochi na kumpa koleo nikajua waya upi unakwenda wapi na kwa nini. Alipokufa watu walikuja kudai redio zao mbovu, wakanikuta nimeshazitengeneza. Tangu hapo wakaniita mama fundi, wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka.

Mwaka ule mvua za vuli hazikukatika. Mahindi yalikomaa shambani huku yananyeshewa, na tulipovuna tulikuwa tunavuna kitu cha kukamua. Ukianika uani saa tatu, saa tano unakimbia kuanua. Wengi walipandisha darini juu ya moto wa jikoni, lakini jiko moja lina nafasi ya madebe mangapi? Mengine yalibaki kwenye magunia yanatoa joto. Ukiingiza mkono unaunguzwa, na ukiutoa unanuka kama chupi ya mtoto.

Mimi nikasema siwezi kukaa nikitazama. Pale kwenye kituo cha malori kulikuwa na baa iliyofungwa, na nyuma yake friji kubwa la soda limekufa siku nyingi, mashine yake ilishang'olewa na wauza vyuma chakavu. Limebaki ganda na mlango. Mwenye baa alifurahi kuondolewa uchafu. Nikalikokota na mkokoteni mpaka kwangu. Nililipenda kwa sababu kuta zake ni nene na raba ya mlango bado ilikuwa inanyonya. Kwenye lori lililopinduka pale kwenye kona nikapata bomba la eksozi. Nikatoboa friji ubavuni chini, bomba likaingia huku likatokea kule, na nje nikajenga jiko dogo la udongo mdomoni mwa bomba. Moto unawaka nje, moshi unapita ndani ya bomba unatoka upande wa pili, mahindi hayauoni moshi kabisa, yanapata joto tu. Rafu nikatengeneza kwa wavu wa chuma. Juu nikatoboa tundu, nikafunga feni mbili ndogo zilizotoka kwenye kompyuta mbovu za shule, zinaendeshwa na betri ya pikipiki na kisola kidogo.

Sasa shida ilikuwa kujua lini unyevu umetoka. Joto peke yake halitoshi. Ukifunga mlango, maji yanayotoka kwenye mahindi yanabaki humo humo kama mvuke, na unayapika badala ya kuyakausha. Ukiacha feni zinazunguka wakati wote, betri inakufa kabla ya kazi kwisha. Kulikuwa na mradi wa kina mama wa kuku ambao ulikuja kwa kelele ukafa kimya, wakaacha mashine ya kutotolesha vifaranga kwenye stoo ya ofisi ya kata. Nikaomba ile sehemu yenye tarakimu, inayoonyesha joto na unyevu. Ile ina kazi ya kuhakikisha mayai hayakauki, kwa hiyo unyevu ukishuka yenyewe inawasha kidude cha kuongeza maji. Mimi nilitaka kinyume chake: unyevu ukipanda iwashe feni, ukishuka izime. Nilikaa nayo siku tatu. Mwisho nikagundua kwamba kwenye swichi yake kuna vichwa vitatu vya kufungia waya, na wao walitumia cha kushoto na cha katikati. Nikautoa waya wa kushoto nikaupeleka kulia. Nikapulizia pumzi yangu kwenye kile kipimo, feni zikanguruma zikazunguka. Nikakiacha kikauke, zikazima. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Debe mbili kwa siku mbili. Ndivyo lilivyokuwa linakausha, na majirani wakaanza kupanga foleni. Kabati la mama fundi, walisema. Bwana shamba wa kata naye akaja na pikipiki. Alilizunguka, akafungua mlango, akafunga, akaniambia nisimame pembeni kidogo, akapigwa picha peke yake ameweka mkono juu ya kabati kama amelizaa. Akaandika kwenye daftari lake. Akaniambia ataleta kipima unyevu cha mahindi kutoka wilayani ili tupime na yale ya kikundi. Mpaka leo kipima hicho kinakuja.

Hapa lazima nieleze kikundi chetu. Kila mavuno, kila kaya inapeleka debe moja la mahindi kwa mwenyekiti, yanamwagwa pamoja ndani ya kihenge kimoja. Akifa mtu, mahindi hayo yanasagwa, wanaokuja msibani wanakula hayo, na yanayobaki anaachiwa mfiwa. Na kuna sheria kwamba mfiwa asiguse chakula chake kwa siku thelathini, ale cha kikundi. Iliwekwa kwa sababu zamani mjane mmoja aliwalisha waombolezaji mpaka mbegu yake ikaisha, msimu ukaanza hana cha kupanda. Ni sheria nzuri. Hata leo, pamoja na yote, nasema ni nzuri.

Sheria nyingine haijaandikwa lakini ndiyo yenye nguvu: mahindi ya kikundi hayachaguliwi. Huwezi kusema ya fulani yamwagwe na ya fulani yarudi. Kukataa debe la mtu ni kumwambia ukifa hatutakuzika. Kwa hiyo yanamwagwa yote, mekundu na meupe, makavu na mabichi.

Nilipopeleka debe langu nilikwenda na chupa ya soda iliyo kavu na chumvi kidogo. Hiki kipimo nilifundishwa na mama yangu Kanazi. Unatia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa, unatikisa, unaacha kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Isiposhika, yamekauka. Nilichota kwenye kihenge, nikatikisa mbele ya mwenyekiti na watu kama kumi. Chumvi iliganda kwenye kioo nyeupe kama ukungu wa asubuhi.

Nikasema, mwenyekiti, haya tusiyafunge. Nileteeni kidogo kidogo kwangu, nitayapitisha yote kwenye kabati, sitaki hata asante.

"Shemeji," akasema, "chumvi sisi huku tunatia kwenye mboga."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akaongeza kwamba mama fundi anataka mahindi ya marehemu yapitie kwenye jeneza la soda. Wakacheka zaidi, na kusema kweli lilikuwa neno la kuchekesha, hata mimi nilitabasamu. Kisha mwenyekiti akaacha kucheka. Akasema nikitaka kupima mahindi ya watu kama polisi nianzishe kikundi changu. Akasema kuyatoa na kuyakausha upya ni kuwaambia kaya ishirini na tano kwamba wameleta uchafu. Hilo hataweza, na uchaguzi wa kikundi ulikuwa karibu. Hilo la uchaguzi hakulisema yeye, nalisema mimi.

Nikamimina debe langu. Ndiyo, nilimimina. Mahindi yangu makavu yakazama ndani ya yale mabichi na kifuniko kikafungwa.

Bwana shamba aliitwa kukagua kihenge. Alifika, akanywa soda, akaandika kwenye kitabu cha kikundi kwamba mahindi yamekaguliwa na yako sawa, akasaini. Kifuniko hakufungua. Jirani yangu, mwanamke ninayechota naye maji, alikuwepo anafagia uwanja wa mwenyekiti, na ndiye aliyeniambia.

Baada ya miezi mitatu mama yangu alikufa. Alikuwa anaishi kwangu, mzee sana, alikufa kwa uzee wake na hilo sina wa kumlaumu. Mdogo wangu akaja kutoka Bugarama kuzika, akaomba ruhusa kwa mumewe akae nami siku zote thelathini, kwa sababu tulizaliwa wawili tu. Kikundi kikafungua kihenge, kikasaga, watu wakala ugali siku mbili, wengine wakalalamika tumbo, wakasema ni mafuta ya maharage. Walipoondoka waliniachia gunia la unga limejaa. Unga ulikuwa mweupe sana. Niliusifu.

Nilikuja kujua baadaye kwa nini ulikuwa mweupe. Mwenye mashine mwenyewe aliniambia, siku nimekwenda kumuuliza nikiwa bado natembelea fimbo. Alisema mahindi yalipofika mashineni mengine yalikuwa na rangi ya kijani na mengine meusi kwenye kiini, na yalikuwa yanatoa vumbi la kuwasha pua. Akamwambia mwenyekiti. Mwenyekiti akamwambia akoboe mara mbili, rangi itatoka.

"Na ikatoka?" nikamuuliza.

"Si uliuona unga, mama? Ulikuwa safi."

Alinijibu hivyo hivyo, bila haya, kama mtu anayesifia mashine yake. Nilipomwomba aje ayaseme hayo ofisini kwa mtendaji, akaanza kutafuta mkanda wa mashine chini ya meza. Anautafuta mpaka leo.

Tulikula unga ule wiki tatu, mimi na mdogo wangu, asubuhi uji, jioni ugali. Ulikuwa na uchungu kidogo mwishoni mwa ulimi. Mdogo wangu ndiye aliyesema. Alisema, dada, tupike yako uliyokausha kwenye kabati, haya yana ladha ya dawa. Gunia langu kavu lilikuwa hatua sita kutoka jikoni. Nikamwambia hapana, watu wakituona tumewasha moto kwa mahindi yetu kabla ya siku thelathini watasema tumekidharau kikundi kilichomzika mama. Nikamwambia avumilie, zimebaki siku chache.

Mimi niliyeiona chumvi ikishika kwenye kioo ndiye niliyesema maneno hayo. Kwenye orodha yangu ya wenye makosa nimo, na sijajiweka mwisho.

Alianza yeye kutapika, nikafuata. Zahanati wakatupa dawa za malaria. Macho yalipogeuka njano tukapelekwa Biharamulo. Pale daktari mmoja kijana, wa kwanza kutuuliza tumekula nini, alikaa kitandani kwangu akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema maini yetu yameharibiwa na sumu inayotoka kwenye ukungu wa mahindi yaliyofungwa mabichi. Inaitwa sumukuvu. Nikamuuliza kama kukoboa kunaiondoa. Akasema kunapunguza, hakuimalizi. Nikamuuliza kama kupika kunaiua. Akatikisa kichwa. Alisema atapiga simu wilayani waje kuchukua mahindi wapime.

Walikuja, ila sikuwepo, nilikuwa kitandani. Jirani yangu aliwaona. Afisa afya na bwana shamba walikuja na mifuko miwili ya nailoni. Wa kwanza wakaujaza mahindi kutoka kwenye kabati langu. Wa pili wakaujaza kutoka kwenye kihenge, chini kabisa, palipobaki debe tatu hivi. Wakaandika karatasi, wakafunga mifuko kwa uzi. Jioni ile ile mwenyekiti akatoa yaliyobaki, akayafukia, akaosha kihenge kwa sabuni. Mtu asiye na hatia anafukia chakula usiku wa manane? Hapana, nisiongope, haikuwa usiku. Aliyafukia saa kumi na moja jioni watu wanamtazama, na hakuna aliyemuuliza.

Siku ya nne tangu tulazwe mdogo wangu akafa, na yale ya chuma cha kitanda nimeshayasimulia.

Nilipotoka hospitali sikulikuta kabati. Mkutano ulikuwa umefanyika bila mimi. Bwana shamba alisimama akasoma karatasi kwamba kifo na ugonjwa kwenye kaya moja vimetokana na mahindi yaliyokaushwa kwa kifaa kisichoidhinishwa, na kwamba friji zina gesi yenye madhara. Gesi ipi? Mashine yake ilishang'olewa kabla sijaligusa. Hata ingekuwepo, mahindi ya kabati hatukuyala. Gunia lipo, limejaa mpaka mdomoni, halijapungua kikombe. Kama kabati ndilo lililoua, majirani walioleta madebe yao kwangu foleni nzima mbona wanalima? Na kwa nini tuugue nyumba moja? Kwa sababu ni nyumba moja iliyokula kihenge wiki tatu. Hata mtoto wa chekechea anayaona haya. Lakini walilipeleka kabati mbele ya ofisi ya kijiji, wakalipasua kwa shoka, na yule aliyepigwa picha nalo alikuwa amesimama pale pale mikono mfukoni.

Nilikwenda kumtafuta ofisini kwake. Nilimwamkia kwanza, ingawa ni kijana kwangu, kwa sababu nilitaka kitu kwake. Nikamwambia sikuja kugombana, nataka majibu ya mifuko miwili.

"Mama, majibu ya mfuko wako yalikuja, hayakuwa na tatizo kubwa," akasema.

Nikamuuliza, kama hayakuwa na tatizo mbona ulisoma ile karatasi. Akasema karatasi iliandikwa kabla. Nikamuuliza mfuko wa pili je. Akasema mfuko wa pili, anavyokumbuka, ulikuwa na hitilafu ya kufungwa. Nikamwambia jirani yangu aliona ukifungwa kwa uzi. Akaniambia mama, wewe umepona, mshukuru Mungu, achana na mambo haya, utaleta chuki kijijini.

Nimepona. Sili mafuta, sinyanyui ndoo, jioni miguu inavimba. Shambani nalima nimekaa. Kupona kwangu ndiko huku.

Kabati naweza kutengeneza lingine, ganda la friji halikosekani barabarani. Kinachoniua ni kingine. Mwezi wa sita nilipanda basi kwenda Ngara, nikashuka, nikaenda kwa miguu mpaka Bugarama kuwaona watoto wa mdogo wangu. Yule binti mkubwa alitoka mpaka kwenye uzio. Hakufungua. Aliniamkia shikamoo, kwa sababu amelelewa vizuri na mama yake, nikaitikia marahaba. Kisha akasema:

"Mama mkubwa, baba amesema usile hapa na usitupe kitu cha kula."

Nilikuwa nimewabebea maharage kilo nne. Nikarudi nayo.

Kwa hiyo sitaki pole na sitaki fidia. Wewe mwenyekiti ulijua, kwa sababu chumvi uliiona na rangi ya kijani uliambiwa. Wewe mwenye mashine uliificha rangi hiyo. Wewe bwana shamba ulisaini kihenge usichokifungua, ukasoma karatasi kabla ya kipimo, na sasa unaniambia uzi haukufunga. Mahindi yale yalikwenda maabara ipi, nani aliyapokea, na yalisema nini? Jibu lipo kwenye faili fulani wilayani, au kuna mtu aliyelitoa humo, na mtu huyo ana cheo na meza. Nataka karatasi ya mfuko wa pili. Msiniletee mimi. Pandeni basi ninyi watatu, mwende nayo Bugarama, msimame kwenye uzio ule, mumsomee yule binti, neno kwa neno, alichokula mama yake na kilitoka kwa nani. Mtakwenda lini?